Niandikie kwa Kalamu Nene

Kaplong
19 Januari 2025

Fancy binti yangu,

Salamu zako za Krismasi nilizipata kwa mkono wa Omosa, dereva wa lori la majani chai, pamoja na sukari na dawa ya mgongo. Barua nimeisoma mwenyewe: kurasa tisa, mistari minne kila ukurasa, kalamu nene nyeusi kama tulivyozoea. Nimeipa nane juu ya kumi. Hizo mbili nimezikata kwa sababu hukusema kwa nini hukuja nyumbani. Hii ni Krismasi ya pili nakula kuku peke yangu, na kuku mzima kwa mtu mmoja ni adhabu.

Kuna neno lingine. Jerusa, mke wa Kepher anayetupimia majani pale kituoni, alikuwa Kericho wiki iliyopita. Anasema alikuona ng'ambo ya barabara bila miwani, ukatazama upande wake, ukageuka ukashika njia nyingine. Nikamwambia, Jerusa, huyo si Fancy wangu. Fancy bila miwani husalimia mlingoti wa stima. Miwani imevunjika? Niambie bila kuona haya. Fremu yangu ya zamani bado iko kabatini, ile ya enzi wanafunzi waliponiita Mwalimu Pua.

Baba yako mdogo Seth wa Silibwet alipita hapa akaniambia kuna kijana wa Chepseon, Mathew, na kwamba watu wake wanataka kuja kwa koito mwezi wa nne ili familia mbili zizungumze habari ya ndoa. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Lakini mbona habari ya binti yangu inanifikia kwa kuzunguka Silibwet? Usinipigie simu. Mtandao wa hapa unameza nusu ya maneno, na jambo la maana huandikwa.

Baba yako,
Mwalimu Aron


Kericho
2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeketi chini, karatasi zimejaa sakafu nzima.

Miwani ni mizima. Siku ile kulikuwa na manyunyu na nikaiweka kwenye mkoba isilowe. Jerusa sikumwona, mwambie anisamehe. Krismasi tulibaki kiwandani kumalizia hesabu za mwaka, na unajua mimi ndiye karani mdogo, kila kazi isiyo na mwenyewe ni yangu.

Kuhusu Mathew nilitaka niwe na hakika kwanza. Anatengeneza mashine za kupozea maziwa. Ni mtu wa maneno machache, na akicheka hufunika mdomo. Mlezi wake ni senge yake, dada wa baba yake, anaitwa Chepchirchir. Huyo ndiye mwenye neno la mwisho kwao.

Baba, nina ombi. Koito ifanyike Silibwet kwa baba mdogo Seth. Najua desturi inataka waje kwa baba wa msichana, lakini mwezi wa nne mvua itakuwa imeanza, na ile barabara yetu ya matope itawashinda wageni. Kwa Seth kuna lami mpaka langoni. Tafadhali usikasirike.

Mwanao,
Fancy


Kaplong
23 Februari 2025

Fancy,

Tisa juu ya kumi, kwa sababu ya yule kijana anayefunika mdomo akicheka. Mtu wa hivyo hana majivuno.

Silibwet ni sawa. Jirani Benard alisema ni aibu baba kupokea wageni kwa nyumba ya mdogo wake. Nikamwambia aje abebe magari yao mgongoni. Nitaenda siku moja mapema nijifunze nyumba ya Seth: hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kiti, kizingiti kiko wapi, meza ina pembe au ni ya mviringo. Wageni hawataniona nikipapasa. Hata koti la buluu nimeshalitoa, lile la siku niliyostaafu.

Nimeanza pia kutunga maneno yangu. Najua wataulizia ukoo wetu, kama kuna wazimu, kama kuna kifafa, kama kuna mikono mirefu. Nitawaambia: hakuna mwizi, hakuna mchawi, lakini macho, ndugu zangu, macho yetu ni mabovu. Mama yangu alikufa bila kuona. Mimi kwa sasa naona mwanga na vitu vikubwa. Fancy huvaa miwani tangu darasa la tatu. Nitawaambia hayo mapema, kabla hawajauliza. Kweli ikisemwa na mwenyewe haiumi sana.

Usiogope wale watu wa Sotik waliokuja kukuposa mwaka ule. Wale walioondoka bila kugusa maziwa yetu hawakuwa wako.

Lete miwani yako safi siku hiyo, ile yenye fremu nyekundu. Mama yako aliipenda.

Baba yako


Kericho
27 Machi 2025

Baba,

Naandika ofisini wakati wa chakula, kwenye karatasi hizi za kiwanda, kwa haraka kabla Omosa hajaondoka. Nimekaa na barua yako mwezi mzima nikishindwa kukujibu. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na usimpe mtu yeyote akusomee. Ukimaliza, itie motoni.

Sina miwani, Baba. Sijaivaa tangu Oktoba ya mwaka juzi. Nilikuambia naenda semina Nairobi, kumbe nilienda kufanyiwa macho. Wanakulaza, wanatia dawa ya ganzi, wanakuambia utazame taa ndogo inayomweka, na mwanga wa leza unachonga kioo cha jicho. Kulikuwa na harufu kama nywele zinazoungua. Ni dakika chache tu kila jicho. Nilipoinuka nikasoma saa ukutani, nikalia, na muuguzi akanikataza kujifuta. Kisha matone, na vifuniko vya plastiki wakati wa kulala. Moshi wa jikoni walinikataza kwa miezi mitatu, na hiyo ndiyo iliyonizuia Krismasi ya kwanza. Ya pili sina kisingizio. Niliogopa utanitafuta miwani usoni kwa vidole, kama unavyofanya.

Nilifanya kwa sababu ya wale watu wa Sotik. Nilimsikia mama yao nje akisema, "Hii ni nyumba ya vipofu, twende." Mathew nilikutana naye baadaye. Hajui lolote. Senge yake hajui. Wewe ukisimama pale useme yale uliyotunga, nimekwisha.

Kwa hiyo nakuomba usije. Sema una homa. Baba mdogo Seth amekubali kukaa kwenye kiti chako. Tumewaambia macho yako yaliharibiwa na dawa ya kunyunyizia mahindi, zamani, ili wasidhani ni ya damu.

Nilimuuliza daktari kuhusu wewe. Nilisema "mzee fulani ninayemfahamu". Akasema huyo mzee fulani ugonjwa wake uko nyuma kabisa ya jicho, leza haiwezi kumsaidia. Hata huko, Baba, mbele ya mtu nisiyemjua, nilishindwa kusema ni baba yangu.

Nisamehe.
Fancy


Kaplong
5 Aprili 2025

Binti yangu,

Karatasi yako ilifika. Nilidhani kwanza ni risiti ya mbolea. Niliipeleka juani, nikaisogeza mpaka pua ikaigusa, nikachukua ile lenzi ya kushika mkononi. Mistari thelathini ukurasa mmoja, herufi kama siafu wanaohama. Sikupata hata jina langu.

Basi nikaenda nayo kituoni. Wakulima walikuwa wanangoja lori, magunia yamepangwa. Nikampa Kepher, nikamwambia binti yangu ana koito, soma kwa sauti tufurahi wote. Na sauti ya Kepher unaijua, ni ya kuita kilo. Akaanza, "Naandika ofisini wakati wa chakula." Watu wakaitikia, "Eeh!" Akafika kwa "usimpe mtu yeyote akusomee". Nikasikia karatasi ikikunjwa. Nikamwambia endelea. Akasema, "Mwalimu, mimi hapa na watu sisomi. Wacha nikuje jioni." Benard akacheka kidogo. Wengine wakaanza kuongea habari za mvua.

Alikuja, akanisomea jikoni kwa sauti ya chini, akiwa amenipa mgongo, halafu akaitia motoni mwenyewe na kwenda zake bila kungoja chai. Kepher ni mtu mwema.

Sikukasirika kuhusu macho. Ningekuwa na macho ya kuchongwa, ningechongwa. Nafurahi umesoma saa ukutani. Kilichonichoma ni kidogo tu. Miaka ishirini umeniandikia kwa kalamu nene. Mwaka mmoja na nusu wa kuona vizuri, ukasahau mimi naonaje.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako alilijua baadaye sana. Siku ya koito yangu niliificha miwani mfukoni. Wakati huo mkwe hakumpa mama wa msichana mkono. Ulisimama kando, macho chini, mpaka ukubaliwe. Mimi nikaona kitambaa cha kijani kichwani, nikadhani ni shemeji, nikamshika bibi yako mikono yote miwili nikaitikisa. Mzee mmoja akasema, "Huyu amekunywa." Nami nikasema ndiyo, nimeonja kidogo. Mimi, mtoto wa kanisa, ambaye busaa naijua kwa harufu tu! Mwaka mzima bibi yako aliniita mlevi na mama yako akalia kwa ajili yangu. Niliona afadhali mlevi kuliko kipofu.

Kwa hiyo sina jiwe la kukutupia. Nitakuwa na homa. Seth akae. Mwambie asikunje miguu mbele ya wageni.

Baba yako


Kericho
14 Aprili 2025

Baba,

Naandika kwa kalamu nene. Nimenunua mbili.

Koito imepita. Walikuja watu kumi na wawili, wakakubali ukoo wetu, wakanywa maziwa mpaka kibuyu kikaisha. Kila kitu kilienda kama nilivyotaka. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Nilikuona, Baba.

Tulikuwa tunaimba wimbo wa kufungua. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, na mvua ilikuwa inaanza. Pale chini barabarani, kwenye ua wa michai, ulikuwa umesimama na koti la buluu. Labda ulidhani uko mbali sana hatuwezi kukuona, kwa sababu wewe hukuweza kuiona nyumba. Ni hatua mia moja tu. Mimi siku hizi naona mpaka ndege juu ya paa la jirani. Niliona kifungo chako cha juu kimeingia kwenye tundu la pili, koti lote likapanda upande mmoja. Niliona umevua kofia ili usikie vizuri. Na ulikuwa umeelekea zizi la ng'ombe la Seth. Ulilitabasamia zizi, Baba, ukidhani ni sisi.

Senge yake Mathew akaja dirishani. Akasema, "Na ule mzee amesimama kwa mvua ni nani? Mwite akunywe chai."

Nikasema, "Simjui, senge. Labda anangoja gari."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Baba mdogo Seth alisikia, akatazama viatu vyake. Kisha nikavuta pazia, nikaenda kugawa chapati. Niliporudi kuchungulia hukuwepo.

Unakumbuka darasa la sita, ulipotoka kusahihisha madaftari na doa la wino mwekundu kwenye ncha ya pua, darasa zima likacheka? Hukujua ni kwa nini. Mimi nilicheka pia, nikajificha nyuma ya mwenzangu Maxine usinisikie. Nilidhani hilo ndilo jambo baya zaidi nililowahi kukufanyia.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani.

Fancy


Kaplong
21 Aprili 2025

Fancy,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Ahsante kwa kalamu.

Huyo mzee si mimi. Mimi nilikuwa kitandani na homa kama tulivyokubaliana. Jerusa aliniletea uji, muulize. Makoti ya buluu ni mengi Bomet nzima, waliyaleta kwa marobota. Usijitese kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Mzee anayengoja gari ni mzee anayengoja gari.

Nimefurahi walikubali ukoo. Nimefurahi kibuyu kiliisha.

Neno moja tu la mwalimu. Ubeti wa tatu ulianza juu sana, sauti ikakukwama, wenzako wakakubeba. Nimekufundisha tangu utotoni: vuta pumzi kabla ya ubeti, si katikati.

Baba yako


Chepseon
4 Mei 2025

Mwalimu Aron,

Shikamoo. Mimi ni Mathew. Fancy ameniambia niandike kubwa, mistari mitatu kila ukurasa, kwa hiyo utaniwia radhi kwa wingi wa karatasi.

Fancy alikuja hapa Jumapili iliyopita akatuambia yote, mimi na senge. Ya macho, ya Nairobi, ya dawa ya mahindi. Alisema akiwa amesimama, alikataa kiti. Kisha akaweka mezani barua yako ya mwisho. Mimi nilisoma habari ya ubeti wa tatu nikatoka nje.

Nataka uelewe kwamba nilikuona siku ile ya koito. Nilikuwa nimechukua mwavuli nikuletee, Fancy akanishika mkono akasema wacha, watu hawajamaliza kula. Nikawacha. Hilo ni langu, sitamsukumia yeye.

Senge hakujali habari ya macho. Alisema, "Kila nyumba iko na kitu yake. Kwetu iko kifafa na tulinyamaza." Lakini alisema pia, macho ya watoto tutayajua wakizaliwa, ila msichana anayemkana baba yake kwenye mvua, huyo ndiye anayemtia senge hofu. Ameniambia nisiendelee mpaka nikuulize wewe. Kama wewe uliyekanwa unaweza kumtoa aolewe, yeye atampokea. Kama huwezi, tutarudisha maneno yetu bila kelele.

Fancy hajui kwamba nakuandikia hili la mwisho. Yeye anajua naomba kuja kukusalimia tu. Kwa sasa mimi mwenyewe sijui nifanye nini.

Mathew


Kaplong
11 Mei 2025

Chepkorir binti yangu,

Leo nakuita kwa jina la nyumbani.

Nimepata barua ya Mathew, kurasa kumi na tisa. Nilizipanga mezani, kitandani, na nyingine juu ya ndoo ya maziwa, nikasoma kila neno bila Kepher. Mtu aliyemwambia aandike hivyo alikuwa ananikumbuka.

Kijana ameniuliza swali. Halikuwa la kukuambia, lakini tumechoka na siri katika nyumba hii. Ameniuliza kama msichana aliyemkana baba yake anafaa kuolewa kwao. Nimeshamjibu. Nimemwambia habari ya bibi yako na kitambaa cha kijani, na kwamba mimi niliolewa na aibu mwaka mzima kabla ya kuoa vizuri. Nimemwambia pia kwamba wewe ulisimama mbele ya senge ukasema kweli bila kuulizwa, na kwamba mimi nilikuandikia uongo siku tisa baada ya koito ya Aprili kumi na mbili, na nilikuwa naujua ni uongo, na mpaka sasa uso unaniwaka. Ndiyo. Yule mzee alikuwa mimi. Omosa alinipeleka na gari la shemeji yake. Nilitaka tu kusikia sauti za watu watakaokuchukua. Ya zizi la ng'ombe sikuijua mpaka uliponiambia, na nimeona haya mpaka leo.

Iliniuma, Chepkorir. Usidhani haikuniuma. Niliporudi nilikaa na koti lililolowa mpaka likakauka mwilini.

Nimewaambia waje hapa kwangu Jumamosi, tarehe kumi na saba, wewe, Mathew, na senge yake. Barabara ni matope, watakanyaga matope. Seth aje pia, lakini kiti ni changu. Yale maneno niliyotunga bado ninayo kichwani, na nitayasema yote.

Msiingie moja kwa moja. Nitakuwa nimesimama kwenye ua wa michai, pale juu ya kituo, na koti la buluu. Vifungo nitamwomba Jerusa aviangalie. Nitaelekea barabarani, nikikosea nisamehe. Mkifika pale mtaniona kabla mimi sijawaona, na senge atakuuliza tena yule mzee ni nani.

Mjibu kwa sauti, nisikie.

Baba yako